Nilipokwenda Kujifunza Kupika Kahawa



Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani mjini Bunda, na umri wangu sasa ni miaka 54. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la saba. Zaidi ya hapo sikusoma. Kwa muda wa miaka 29 nimeketi juu ya mkeka, watoto wamenizunguka na juzuu zao, nami nikiwasikiliza na kuwasahihisha. Katika muda wote huo sikupata hata siku moja kuketi mahali pa mwanafunzi. Leo nataka kuwasimulia siku nilipoketi hapo na jambo lililonipata, kwani huenda likawafaa walimu wenzangu, na wazazi, na vijana pia.

Habari yenyewe ilianza hivi. Msikitini kwetu, katika mwezi wa Ramadhani, ni desturi ya wazee kukaa barazani baada ya sala ya tarawehe, wakanywa kahawa na kuzungumza. Mzee aliyekuwa akiipika alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na dele lake likabaki halina mwenyewe. Shaabani ilipoingia wazee walikutana, wakasema, "Maalim ndiye mwenye nafasi. Kazi hii aishike yeye." Nikakubali kwa kuona haya tu, kwani kahawa niliijua kwa kuinywa, wala si kwa kuipika. Nilijaribu nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza yakawa maji meusi. Mara ya pili buni zikaungua, na mke wangu akaniambia nisimmalizie mkaa wake bure.

Ndipo kijana mmoja aliponiarifu kwamba Musoma, huko Mwigobero karibu na ziwa, yuko muuza kahawa ambaye kila Jumamosi hufundisha upishi wa kahawa kwa muda wa saa tatu. Hufundisha kahawa yetu hii ya dele, na pia kahawa ya mayai, ambayo ni ya watu wa Vietnam. Nikamwuliza jina la muuza kahawa huyo. Aliponitajia, moyo wangu ulishtuka.

Mtu huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Aliletwa kwangu akiwa na umri wa miaka 8, mtoto mpole, mwenye adabu, lakini mzito wa kuhifadhi. Wenziwe walimpita mmoja baada ya mmoja. Alipofika Sura ya Abasa akakwama kabisa. Leo huisoma mpaka aya fulani, kesho husahau hata zile za mwanzo. Siku moja ya mwaka 2003 nilimchapa mbele ya wenziwe, kisha nikamwambia, "Kichwa hiki hakikuumbiwa elimu. Nenda kauze kahawa!" Watoto wakacheka. Yeye akafunga juzuu yake, akaibusu kama nilivyomfundisha, akaiweka rafuni, akatoka. Hakurudi tena. Baba yake hakuja kuniuliza neno, nami nikajiambia kuwa nimetua mzigo.

Basi niliposikia jina lile nikasema nitamtuma mtu mwingine akajifunze badala yangu. Mke wangu, ambaye anaijua habari ile tangu siku ilipotokea, akanijibu, "Ramadhani inaingia, nawe una haki ya mtu shingoni. Utafungaje nayo? Nenda mwenyewe." Sikuwa na la kujibu.

Jumamosi ya mwisho ya Shaabani niliondoka Bunda baada ya sala ya alfajiri. Kila mwanafunzi aliagizwa aje na mayai sita ya kuku wa kienyeji, mapya, kwa hiyo nikapitia kwanza Butiama kwa dada yangu, ambaye hufuga kuku. Butiama ndipo alipozaliwa na ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Kila nipitapo pale hukumbuka siku zangu za shule, tulipokuwa tukilima shamba la shule kwa sababu ya ile siasa ya Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu mwaka 1967, akitaka kijana asitenganishwe na kazi ya mikono kwa sababu ya kusoma vitabu. Sisi watoto tuliliona jembe kuwa ni adhabu. Na mimi nilipokuwa mwalimu nikaichukua kazi ya mikono, nayo ni kuuza kahawa, nikaifanya tusi. Nilikwenda na kikapu changu cha mayai mapajani hadi Musoma nikiliwaza jambo hilo.

Darasa lilikuwa nyuma ya kibanda chake, chini ya mwembe. Tulikuwa wanafunzi wanne: wasichana wawili waliotaka kufungua biashara, kijana mmoja wa hotelini, na mimi na kofia yangu. Mwenyewe alipotoka na akaniona, alisimama kidogo, kisha akainama akasema, "Shikamoo, Maalim." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza. Akanipa kigoda sawa na vya wenzangu.

Tulianza na kahawa ya dele. Akatuonyesha buni za namna mbili. Za kwanza ni arabika, zinazolimwa katika mkoa wetu huu wa Mara, kwenye milima ya Tarime. Kahawa yake ni laini na ina harufu nzuri. Za pili ni robusta za Kagera, chungu zaidi na zenye nguvu zaidi. Buni hukaangwa juu ya mkaa usiowaka sana, na mkono usiache kukoroga mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha hudhurungi, na zianze kualika. Hapo huepuliwa, hupoa, hutwangwa. Maji huchemshwa na tangawizi iliyopondwa, kahawa ikatiwa, ikatokota polepole, kisha dele likawekwa kando ili mashapo yatulie chini kabla ya kumimina kwenye finjani.

Kusimulia ni kwepesi. Mimi niligeuka kumjibu mwenzangu neno moja tu, na buni zangu zikaungua upande mmoja. Nikangoja karipio. Yeye akachukua kikaango changu, akazimwaga, akanitilia nyingine, akasema, "Koroga tena, Maalim. Buni zipo."

Baada ya hapo tukaingia katika kahawa ya mayai. Akatueleza kwamba alijifunza alipokuwa mpishi katika nyumba ya wageni mjini Mwanza. Kampuni ya simu ya Viettel, ya nchi ya Vietnam, ilianza kazi Tanzania mwaka 2015 kwa jina la Halotel, na mafundi wake wakaenea mikoani. Fundi mmoja aliyekuwa mgeni pale alikuwa akijitengenezea kahawa hiyo asubuhi, naye akamwomba amfundishe. Asili yake ni mji wa Hanoi, mwaka 1946, wakati wa shida, maziwa yalipoadimika. Bwana mmoja aitwaye Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya Metropole, akapiga kiini cha yai mahali pa maziwa, baadaye akafungua mgahawa wake mwenyewe. Leo Vietnam ni ya pili duniani kwa wingi wa kahawa, baada ya Brazili, na sehemu kubwa ya kahawa yake ni hiyo robusta.

Kwao huko, kahawa ya unga hutiwa katika kichujio kidogo cha bati kinachokaa juu ya kikombe, maji ya moto yakamiminwa, ikadondoka tone kwa tone. Tulipokuwa tukingoja matone hayo akanigeukia akasema, "Maalim, waeleze wenzako habari ya kahawa na Waislamu, maana ulikuwa ukitusimulia chuoni." Nilistaajabu kwamba aliikumbuka. Nikawaeleza jinsi masufii wa Yemen, katika karne ya 15, walivyoinywa ili wapate nguvu ya kukesha katika ibada. Na jinsi gavana wa Makka, Khair Beg, alivyoipiga marufuku mwaka 1511, kisha marufuku hiyo ikaondolewa kwa amri iliyotoka Misri. Wasichana wakacheka waliposikia kwamba kahawa nayo iliwahi kushitakiwa.

Kisha akaniuliza jambo jingine. Wengine hutia vanila ya maji katika povu la mayai, na wengine hata pombe kali kidogo. Pombe haina mjadala. Ama hiyo vanila ya maji, mara nyingi huwa imeyeyushwa kwa kileo, je, nasemaje? Nikamjibu kwamba wako wanaolijadili jambo hili, lakini mwenye nyumba ya Kiislamu ana njia nyepesi: aliache lenye shaka, atie iliki iliyosagwa. Akasema, "Nami hutia iliki, lakini nilitaka kuisikia kwako."

Sasa nawaeleza akina mama namna yake. Yai lisilo na ufa huoshwa ganda, likawekwa katika bakuli la maji. Lililo jipya huzama likalala chini, na lililochakaa huelea. Kila yai huvunjwa katika kikombe cha peke yake kabla ya kuchanganywa. Viini viwili, vijiko viwili vya maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kijiko kidogo cha asali na iliki kidogo hupigwa pamoja mpaka rangi iwe nyeupe kama siagi na povu lisimame. Ute mweupe usitupwe, ukaangwe. Kahawa nzito ya moto hutiwa katika kikombe kilichokaa ndani ya bakuli la maji ya moto, na povu likawekwa juu kwa kijiko. Inywewe papo hapo, isilazwe. Na kwa kuwa yai haliivi barabara, wasipewe watoto wadogo, wala wajawazito, wala wagonjwa, wala wazee waliodhoofika.

Nilipiga mayai yangu mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaweka povu juu ya kahawa, likazama. Nikapiga mengine, likazama tena. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha maliza, na msichana mmoja akacheka. Uso wangu ukawaka. Nilijiona ni mzee mzima, mwenye kofia, ninayeshindwa na yai mbele za watu. Wallahi, katika saa ile nilijua kicheko cha wenzako kinavyoingia mwilini. Mwalimu wetu hakumkaripia msichana yule, alimwambia tu, "Mshikie Maalim bakuli lisicheze." Kisha akaniambia mimi, "Unaacha mapema. Bado kidogo." Mara ya tatu povu likasimama.

Wenzetu walipoondoka nilibaki. Yeye alikuwa akisuuza finjani. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikudhulumu. Nilikupiga na kukuaibisha, nami naomba unisamehe kabla ya Ramadhani." Hakuinua uso. Alisuuza finjani mbili tatu, kisha akasema, "Maalim, uliniambia nikauze kahawa, nikauza. Riziki yangu imetoka humo. Lakini kwa miaka mingi kila nilipopita karibu na chuo chochote nilivuka njia, nisije nikasikia watoto wakisoma. Nimekusamehe. Ila hilo la kuvuka njia nalo ulijue."

Nikatoa ada ya darasa. Akakataa kuipokea. Akafuta mikono, akasema, "Nisikilize kidogo, badala ya ada." Akaketi mbele yangu, akaanza Sura ya Abasa kwa moyo. Akazipita aya za mwanzo, zinazoeleza jinsi Mwenyezi Mungu alivyomkumbusha Mtume wake (s.a.w.) juu ya kipofu aliyemjia akitafuta uongofu. Miaka yote hiyo nimeisomesha sura hiyo, na ndiyo niliyomfukuzia mtoto aliyekuja kwangu akitafuta elimu! Akaendelea, kisha akakwama, pale pale alipokwama mwaka 2003. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwa mazoea. Ulikuwa umeshika kijiko. Nikakiweka chini, nikangoja. Akarudia, akakwama. Akarudia tena, nami nikangoja, hata akapita, akaifikisha mwisho.

Ramadhani ile kahawa ya dele iliwapendeza wazee wetu wa Bunda. Ile ya mayai niliwapikia usiku mmoja wale wenye afya. Mmoja akasema huo ni uji wala si kahawa, na mwingine akaomba kikombe cha pili. Ile juzuu yake niliitafuta kila rafu nisiione, nikamnunulia mpya. Kila Jumapili baada ya alasiri hunipigia simu, nikamsikiliza. An-Naziat amekwisha imaliza, na sasa yumo katika An-Naba.

Walimu wenzangu, bakora yangu nimeiondoa mkekani. Mtoto akikwama humwambia arudie, nami hungoja. Na siku ninapoona uvumilivu unanipungua, hulikumbuka povu lile lililozama mara mbili. Na ninyi wazazi, mwanao akiacha chuo ghafla, usinyamaze kama alivyonyamaza baba wa kijana yule. Njoo umwulize mwalimu. Laiti ningeulizwa siku ile.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowakosea wadogo zetu, na awape wao mioyo ya kutusamehe. Amin.