Kumvuta Kiboko Karibu bila Kumsogelea

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kumwona mtu wa Malangali, hapa Sumbawanga, ambaye riziki yake hutokana na picha za harusi, za komunyo ya kwanza na za vitambulisho, akishika kalamu kuzungumzia wanyama wa porini. Sababu ni mwalimu mmoja, jirani yetu, ambaye alinijia jioni akaniomba picha kubwa za kubandika ukutani darasani, tena za wanyama wa huku kwetu. Watoto wengi wa nyanda za juu za Ufipa wanamjua ng'ombe kwa macho yao, lakini kiboko wanamjua kwa kalenda iliyochapishwa mbali. Na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Katavi, ni jirani yetu! Nilikubali, ijapokuwa nilijua kwamba mfuko wangu ungeruhusu safari moja tu.

Sasa, tabu ya hifadhini ni kwamba si wewe unayechagua umbali. Gari halina ruhusa ya kuiacha barabara, wala abiria kushuka apendapo. Mnyama ndiye anayeamua kusimama mita 30 au mita 200 kutoka dirishani. Lenzi yangu ni ya zumu, ya milimita 100 hadi 400, nayo huwatosha maharusi kupita kiasi. Kwa kiboko aliyeko ng'ambo ya bwawa, hata hizo 400 humfanya aonekane kama jiwe la kusagia lililosahauliwa matopeni. Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria telekonvata.

Hiki ni kifaa kidogo, kipana kama kikombe cha chai, kinachovikwa kati ya kamera na lenzi. Ndani yake mna vioo vinavyotawanya miale kidogo ili ile sehemu ya katikati ya picha ienee na kuijaza kamera nzima. Wazo lenyewe si geni. Peter Barlow wa Uingereza alifanya jambo la jamaa na hilo kwa darubini katika miaka ya 1830. Telekonvata ya 1.4 huifanya lenzi ya milimita 400 kuwa ya 560. Ile ya 2 huifanya kuwa ya 800. Umbali wa chini ambao lenzi huweza kuona sawasawa haubadiliki, jambo ambalo huwafurahisha wapiga picha wa vipepeo.

Lakini hakuna kinachotolewa bure, na malipo ya kifaa hiki ni mwanga. Mwanga uleule ulioingia kwa mbele sasa unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kama vile mtu anayepaka siagi ileile kwenye mkate mpana. Telekonvata ya 1.4 hula nusu ya mwanga. Ya 2 hula robo tatu. Lenzi yangu, ambayo mwisho wa zumu hufungua tundu la f/5.6, hugeuka kuwa ya f/8 kwa ile ndogo na f/11 kwa ile kubwa. Mathalani, ikiwa asubuhi fulani ningeweza kupiga kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, kwa ile ndogo nitashuka hadi sehemu moja ya 500, na kwa ile kubwa sehemu moja ya 250. Tena angalia hasara inavyokuja mara mbili: kadiri unavyomkuza mnyama ndivyo unavyoukuza mtetemo wa mikono yako, hivi kwamba unahitaji kasi zaidi wakati huohuo ambapo kasi imepungua. Zaidi ya hayo, kamera nyingi za zamani, zile zenye kioo ndani, hushindwa kulenga zenyewe tundu linapopita f/5.6; nyingine hufika f/8 kwa nukta ya katikati peke yake. Kamera mpya zisizo na kioo hicho zinaendelea kulenga hata kwenye f/11, lakini bei zake, ndugu msomaji, tuziache.

Nilipolileta jambo hili nyumbani, mama watoto, ambaye alikuwa akingojea mabati ya jiko, aliniuliza swali ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kuulizwa. "Baba watoto, si unaweza kuikata hiyo picha kwenye kompyuta ukabakiza kiboko peke yake?" Naam, inawezekana, na mara nyingi ndiyo njia ya busara. Kamera yangu hutoa picha ya nukta milioni 24. Kuikata ili ilingane na telekonvata ya 1.4 ni kubakiza nusu, yaani milioni 12. Kuilinganisha na ile ya 2 ni kubakiza milioni 6. Milioni 6 zinatosha kabisa kwa picha ya kuweka mezani, au ya kumtumia shangazi kwa simu. Kwa picha ya kubandikwa ukutani upana wa mita, ambayo mtoto wa dawati la mbele ataisogelea hadi pua iguse, hazitoshi. Tulikubaliana kununua ile ndogo, iliyokwisha kutumika, na mabati yakasogezwa hadi baada ya mavuno. Ile ya 2 niliikataa mwenyewe. Kwa lenzi ya tundu lisilobadilika la f/2.8 au f/4, zile nzito za wakubwa, inafaa. Kwa zumu ya f/5.6 naiona ni kumtwika punda mzigo wa lori. Zumu huwa na vioo vingi ndani, na kila kasoro yake ndogo hukuzwa pamoja na mnyama.

Wewe unayetaka kununua, usitoe fedha kabla ya kukivika kifaa kwenye lenzi yako mwenyewe. Baadhi ya telekonvata zina kioo kinachochomoza mbele, na zumu nyingi za bei nafuu zina kioo cha nyuma kilicho karibu mno na mdomo. Vikigongana, umepoteza vyote viwili.

Tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, kwa barabara ya Mpanda inayopita Kibaoni hadi Sitalike. Huo ndio wakati ambapo mto Katuma hupungua hata kubaki madimbwi, na viboko hurundikana humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, huku mamba wakijificha kwenye mapango ya kingo. Maji hayo yamekuwa yakipungua zaidi kwa sababu mashamba ya mpunga yaliyoko juu ya mto nayo yanayahitaji. Nilitaka watoto walione jambo hilo pia: kwamba wali wa kwenye sahani na kiboko wa kwenye tope wananywa mto mmoja.

Badala ya miguu mitatu ya chuma, ambayo ndani ya gari haina pa kusimama, nilichukua mfuko wa maharage ya Ufipa, kilo tano, nikauweka dirishani na kuilaza lenzi juu yake. Dereva alizima injini, maana gari linalonguruma hutetemesha kila kitu. Maharage hujipanga yenyewe na kuikumbatia lenzi; sijaona kifaa cha dukani kinachoyashinda kwa kazi hiyo.

Saa moja asubuhi bado mwanga ulikuwa mchache, kwa hiyo telekonvata ilikaa mfukoni. Saa mbili jua liliposhika migongo ya viboko, niliivika. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu nilipata karibu picha zote nilizozitaka: dume mwenye makovu akipanua kinywa, ndama amepanda mgongo wa mamaye, korongo mweupe akitembea juu ya viboko kama mkaguzi. Baada ya hapo joto lilianza kupanda kutoka ardhini na hewa ikawa inacheza kama moshi. Hewa hiyo nayo hukuzwa. Kufikia saa tano kila kiboko alikuwa na kingo za uji, nikaivua.

Huku kwetu katika msitu wa Mbizi, mbega wekundu hukaa juu ya miti chini ya kivuli kizito, na kule kifaa hiki hakina kazi hata adhuhuri. Kule ni afadhali zumu tupu, na mguu wa kusubiri.

Wengine husema yote haya ni anasa, mtu asogee tu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, tulipofika kwenye madimbwi ya Sitalike alikwisha kushika kitasa cha mlango, simu mkononi, eti hatua kumi tu. Kiboko aliye nchi kavu humshinda binadamu mbio, na aliyezibiwa njia ya majini haulizi nia yako. Nilimshika mkono, nikampa kamera atazame. Alitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini yule dume ana majeraha mapya ubavuni. Nikamweleza kwamba maji yakipungua wanapigania mahali pa kulala.

Picha hiyo ya dume mwenye majeraha ndiyo mwalimu aliyoichagua kuwa kubwa kuliko zote. Iko ukutani sasa, upana wa mita moja, na ukiisogelea unaweza kuhesabu nywele za mdomoni. Mabati bado. Yale maharage tuliyapika Jumatatu.