Bia ya Uskoti Ilivyofika Butiama

Kuna jamaa mmoja wa Musoma, jina linabaki kapuni, maarufu kwa video za kuonja vinywaji. Wengi mnamfuata. Msichojua ni kwamba Butiama, nyumbani kabisa, hakuwa amekanyaga kwa miaka miwili. Mzee wake aliuza ng'ombe wanne ili dogo asome chuo, dogo akaishia mwaka wa kwanza. Salamu zikakatika hapo.

Sasa juzi kati mshkaji wake anayeendesha wageni wa Serengeti akamwita Bunda. Watalii wa Uskoti walimwachia makopo matatu mekundu, McEwan's Export, kilevi asilimia 4.5. Usidhani ni kitu cha kitajiri. Ni bia ya kiwandani tu, kama Balimi ilivyo kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ila jina lake lilianzia Edinburgh mwaka 1856.

Kopo la kwanza lilifunguliwa Musoma kando ya ziwa, sato wa kuchoma mezani, simu inarekodi. Lilikuwa limelala kwenye friza usiku kucha. Jamaa akapiga funda, sura ikakunjamana. "Mbona kama kahawa iliyoongezwa maji?" Washkaji wakafa kwa kicheko, mmoja akaagiza Safari yake chap. Rangi nzuri, kahawia inayokaribia wekundu, lakini ladha hamna.

Kumbe bia haikuwa na kosa. Hizi zetu nyingi ni laga, zinachachushwa kwenye ubaridi na zinavumilia friza. Ile ni eli, inachachushwa kwenye joto zaidi, kimea kingi, uchungu kidogo. Ukiigandisha umeiua. Jamaa alipoelewa hivyo akakumbuka kitu: maisha yake yote, mhudumu akiuliza "moto au baridi?", mzee wake hujibu moto. Na vijana humcheka.

Jumapili akapanda gari la Butiama, makopo mawili kwenye begi, hajapiga hata simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Basi. Kimya kirefu, kuku wanapita.

Akamimina kwenye glasi, ya moto vilevile. Mzee akanusa kwanza, akanywa taratibu. Safari hii hata dogo aliisikia: sukari iliyoungua, ukoko wa mkate, kauchungu kadogo mwishoni. Tamu kupita kiasi, tuseme ukweli, si bia ya kumaliza nne. Lakini mzee akatikisa kichwa.

"Hawa wanajua kimea. Bibi yako alikuwa anaotesha ulezi, unanukia hivihivi."

Akaanza kusimulia za bibi, mpaka jua likazama. Chuo hakikutajwa, ng'ombe hawakutajwa. Dogo aliponyanyua kopo la pili alifungue, mzee akalishika.

"Hili liache. Utakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi, baba."

Video ya Musoma hajaiposti mpaka leo. Kopo liko kabatini kwa mzee, nyuma ya sukari.