Mliliuliza Goti, Mimi Hamkuniuliza

Mpenzi msomaji, leo naomba tuiweke kando mada ya kura na mabaraza, nikusimulie habari ya kamera moja na mwenye nayo. Usidhani kwamba nimeipa kisogo elimu ya uraia. Tutarejea huko kabla hatujaagana.

Baba yangu mkubwa ana umri wa miaka 74, na tangu ujana wake amekuwa mpiga picha wa barabarani hapa Kampala. Zamani hizo mtu wa kazi yake alizunguka mji akiwa na kamera ya filamu shingoni, akawapiga picha wapita njia na wenye maduka, akazipeleka filamu kusafishwa, kisha akarudi kuwatafuta wenyewe awauzie. Filamu moja ilitoa picha 36, kwa hiyo hakubonyeza ovyo. Mbali na picha za kuuza, alikuwa na mazoea ya kupiga nyingine ambazo hakuna aliyemlipa: mchukuzi aliyelala juu ya magunia, mvua ikipiga mabati ya soko, wanafunzi wakigombea teksi jioni. Hizo alizihifadhi katika maboksi ya viatu chini ya kitanda.

Simu za mkononi zilipoingia, riziki ya picha za kuuza ilikatika, kwani kila mteja alikuwa sasa na kamera yake mfukoni. Zile picha zisizo na mnunuzi, hata hivyo, hakuziacha. Kila Jumamosi aliondoka Mengo asubuhi, akashuka kwa miguu hadi Owino, akapita kituo cha zamani cha teksi, akapanda Nakasero na kurudi alasiri amechoka na amefurahi.

Uzee hauji kwa hodi moja. Kwanza magoti yalishikwa na maumivu ya viungo. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Jicho moja likaingia mtoto wa jicho na kufanyiwa upasuaji. Nawe, msomaji, ukiujua mji huu, unajua kwamba ni mji wa vilima: huwezi kwenda popote bila kupanda au kuteremka. Siku moja, miaka miwili iliyopita, alikanyaga ukingo wa mtaro usiofunikwa, akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Kamera ilipona kwa sababu aliikumbatia badala ya kujishika.

Jioni ile tulikutana jamaa wote sebuleni kwake. Naungama kwamba mimi ndiye niliyesema zaidi ya wengine, kwa kuwa mwalimu huzoea kusikilizwa. Tuliamua kwamba kamera ifungiwe kabatini, ufunguo akae nao binti yake, na Jumamosi mzee abaki nyumbani. Uamuzi ule tuliupitisha yeye akiwa chumba cha pili, mlango umerudishwa, amelala na bandeji mkononi. Hakuna aliyesimama kwenda kumwita.

Hakulalamika. Alianza tu kupungua. Redio aliyoipenda ikanyamaza, chai ikapoa kikombeni, na wageni wakawa wanajibiwa kwa kutikisa kichwa. Nilipomtembelea mwezi uliofuata nikamuuliza kama mkono bado unamuuma. Akanitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, mlikaa kikao juu ya goti langu. Mliliuliza goti, mimi hamkuniuliza."

Msomaji, asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha tatu nikieleza maana ya ushirikishwaji. Niliandika ubaoni kwamba uamuzi unaomhusu mtu haufai kufanywa bila yeye. Wanafunzi walinakili, nami nikasahihisha madaftari yao kwa wino mwekundu. Sikuwa nimeona kwamba sebuleni kwa baba mkubwa ndimo nilimoanguka mtihani wangu mwenyewe.

Nikaomba radhi, kisha nikauliza swali tulilopaswa kuliuliza mwanzo: "Baba, wewe unataka nini?" Nilitarajia aseme kwamba anataka kuzunguka mji kama zamani. Akajibu kwamba kuzunguka kumekwisha, hilo analijua kuliko sisi. Alichotaka ni kuwaona watu wakiwa katika shughuli zao, na kuwapiga picha. Tangu hapo mazungumzo yetu yalikuwa juu ya njia, wala si juu ya ruhusa.

Jambo la kwanza lilikuwa kukaa. Kijana hutafuta picha kwa miguu. Mzee huchagua mahali na kuisubiri. Rafiki yake mmoja, fundi cherehani, ana kibaraza kando ya barabara ya Namirembe, nasi tukamwombea pale kiti chenye egemeo. Dereva wa bodaboda anayefahamika kwetu humpeleka na kumrudisha polepole. Baada ya wiki chache mzee alianza kuijua ile hatua ishirini ya barabara kuliko alivyowahi kuujua mji mzima: saa ambayo wachukuzi hupita na marobota ya mitumba, mahali ambapo watoto huruka dimbwi, na ukuta ambao kila mpita njia aliyechoka huuegemea.

Jambo la pili lilikuwa mwanga. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa sababu hiyo mpiga picha wa Kampala hahitaji kubadilisha ratiba yake kwa majira kama mwenzake wa Ulaya. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu jua huwa limeinama, vivuli ni virefu na nyuso zinang'aa kwa upole. Saa sita jua husimama utosini na kuyatia macho ya watu kiza. Basi baba mkubwa hufanya kazi saa mbili za asubuhi, akarudi nyumbani kabla joto na foleni havijamchosha.

Jambo la tatu lilikuwa mkono unaotetemeka. Kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi sana na kulifumba. Muda huo ukiwa 1/60 ya sekunde, mtetemo wa mkono huonekana kama ukungu juu ya picha. Ukiwa 1/500, mtetemo huo mara nyingi haupati nafasi ya kujiandika. Hasara yake ni kwamba mwanga unaoingia hupungua, hivyo inabidi kuongeza wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha huwa na chengachenga kidogo. Mzee anasema kwamba chengachenga anazivumilia, kwani hata filamu zake za zamani zilikuwa nazo. Vilevile alijifunza kuivuta kamera mbele hadi mkanda wa shingoni ukaze, akaegemeza viwiko tumboni, na kubonyeza anapomaliza kutoa pumzi. Siku nyingine hutumia stendi ya mguu mmoja, ambayo akiinuka humfaa pia kama mkongojo.

Jambo la nne lilikuwa uzito na macho. Kamera yake ya chuma pamoja na lenzi ilimlemea shingo, na kulenga kwa kuzungusha lenzi kulihitaji jicho alilokuwa nalo zamani. Tulichanga, tukamnunulia kamera ndogo ya mtumba inayolenga yenyewe na yenye kioo kinachokunjuka. Huiweka mapajani, akainamisha uso kama msoma gazeti, akaona barabara yote kiooni bila kuinua mikono.

Huenda ukasema kwamba hiyo ni kazi ya kujiliwaza, wala si upigaji picha wa kweli. Nakuomba umkumbuke André Kertész, mzaliwa wa Budapest, mmoja wa mabwana wa picha za mitaani katika karne iliyopita. Mwaka 1952 alihamia nyumba ya ghorofani inayotazama bustani ya Washington Square, New York, na kwa miaka mingi alipiga kutoka juu huko picha za watu, miti na nyayo kwenye theluji. Alipofika umri wa miaka themanini na kitu, mjane, alishika kamera ya Polaroid akawa anapiga picha za vitu vidogo vya kioo dirishani pake. Alifariki mwaka 1985, na picha hizo za uzeeni zinaheshimiwa hadi leo. Karibu na kwetu yuko Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Hakuwa mzee, lakini alikabili swali lilelile. Akapata mkono wa bandia, akarudi kazini, na aliendelea hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara.

Sasa turejee kwenye uraia, kama nilivyokuahidi.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka Serikali iweke mipango ya kufaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Ibara ya 35 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya utu, na inawataka Serikali na jamii kuchukua hatua ili wafikie uwezo wao kamili wa akili na mwili. Tangu mwaka 2021 wazee wana wawakilishi wao watano Bungeni. Hayo ni mema. Hata hivyo, katika nyumba zetu tunaposoma neno "matunzo" hufikiria uji, dawa na blanketi tu. Mzee akishiba na kufunikwa, tunaona deni limelipwa. Je, kutoka nje na kuwa miongoni mwa watu si sehemu ya utu? Mtaro ule usiofunikwa haukumvunjia baba mkubwa mkono peke yake. Ulitupa sisi jamaa sababu ya kumfungia ndani. Kila njia ya miguu iliyobomoka, kila ngazi isiyo na mahali pa kushika, humpunguza mzee mmoja barabarani, nasi tukazoea kuuona mji usio na wazee kana kwamba ndivyo ulivyoumbwa.

Upande wa pili wa haki ni wajibu. Zamani, akitembea, mzee alipiga picha na kupita. Aliyepigwa hakupata nafasi ya kusema lolote. Sasa amekaa, na wanaopita wanamjua. Mama mmoja anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara alivuka siku ya kwanza, akamwambia hataki picha yake ichukuliwe. Baba mkubwa alimjibu, "Nimekusikia, nnyabo," akafuta iliyokuwamo mbele ya macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitanguliza ridhaa ya mtu katika kukusanya taarifa zinazoweza kumtambulisha, lakini mzee hakuhitaji kusomewa kifungu. Hadi leo mama yule hajakubali, na hadi leo wanasalimiana kila asubuhi. Kamera ikielekea ng'ambo, yeye huinama kidogo kushoto ili meko yake isiingie.

Kwa nini basi tujali maboksi ya viatu ya mzee mmoja? Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin, zilizochaguliwa kutoka negativu zipatazo 70,000 zilizokuwa zimehifadhiwa katika shirika la utangazaji la taifa. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, na kwa wingi zinaonyesha kile ambacho serikali ilitaka kionekane: mikutano, gwaride, wageni wa heshima. Nilipozitazama nilijiuliza ni nani aliyempiga picha mchukuzi, na fundi viatu, na mtoto aliyetumwa sukari. Kumbukumbu ya raia wa kawaida huhifadhiwa na raia wa kawaida, tena mara nyingi na wale wenye umri wa kukumbuka mahali palivyokuwa. Sasa, jioni za Jumapili, mimi na baba mkubwa tunafungua boksi moja baada ya jingine. Yeye hutaja mahali na mwaka anaoukumbuka, nami naandika kwa penseli nyuma ya picha. Tumefika boksi la tatu kati ya kumi na moja.

Msomaji wangu, ikiwa nyumbani kwako yupo mzee ambaye amenyang'anywa jembe, baiskeli, cherehani au kamera kwa ajili ya usalama wake, sikushauri umrudishie kesho bila kufikiri. Hatari ipo, na kuanguka kwa mzee si jambo la mzaha. Nakushauri uingie chumbani, ukae, umuulize anataka nini hasa, kisha mtafute njia pamoja. Nasi walimu tuanze na nyumba zetu kabla ya kuandika ubaoni.

Ufunguo wa kabati sasa anao mwenyewe.