Dhalimu Akiwa Kitandani, Je, Tumsamehe?



Ndugu wasomaji, mwezi wa Julai 2003 Idi Amin alikuwa amelala hajitambui hospitalini Jeddah. Jamaa zake waliomba aletwe afie Uganda. Rais Museveni akasema akija atajibu kwa dhambi zake. Tarehe 16 Agosti akafariki, akazikwa hukohuko. Nakumbuka ubishi wa vijana baada ya Isha hapa Kasese. "Ni Muislamu mwenzetu, tumwombee," walisema wengi, na wakataja Baraza Kuu la Waislamu lililoundwa 1972 chini ya utawala wake. Mzee mmoja akauliza, "Na Shaban Nkutu hakuwa Muislamu?" Waziri huyo wa zamani aliuawa Januari 1973. Watu wakatawanyika kimya.

Swali hilo sasa liko darasani kwangu Bwera. Usiku wa 16 Juni 2023 ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wengine waliungua bwenini hata hawakutambulika. Wauaji hao hujiita Waislamu (majirani zetu Wakristo wanalijua hilo vizuri). Binti mmoja akaniuliza, "Ustadh, mmoja wao akitubu anakufa, yamekwisha?"

Nilimjibu kama nilivyosomeshwa. Mlango wa toba uko wazi mpaka roho ifike kooni. Hata yule aliyeua watu 99, akakamilisha mia, hakufungiwa. Lakini wanazuoni wanasema damu ina haki tatu. Haki ya Allah (S.W.) husamehewa kwa toba ya kweli. Haki ya warithi ni yao: kisasi, diya au msamaha, na hapo imamu wala rais hana kauli. Haki ya aliyeuawa inangoja Siku ya Kiyama.

Na toba ya kweli ina kazi. Amin aliishi uhamishoni miaka 24. Angeweza kutaja makaburi yalipo, angeweza kuwaomba radhi wajane. Hatukumsikia. Basi mimi ninayemsamehe kwa kuwa tulielekea kibla kimoja, natoa mali ya nani?

Binti akaendelea: "Na mama wa marehemu akikataa kusamehe, anapata dhambi?"

Nikamwambia hapati. Hiyo ni haki yake, na asiharakishwe na mtu.

Wallahu a'lam.