Lehemu ya Kuvu

Neno la silabi moja lilikaribia kumuua mjomba wangu, nami ndiye niliyelitamka.

Mjomba alikuwa fundi karabai huko Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza mjini. Wavuvi wa dagaa walimletea mchana taa zilizotoboka matangi au kuachia maungio. Alilehemu, akajaza upepo, kisha akalizamisha tangi katika beseni la maji kuona kama linatoa mapovu. Mwaka 2013 kichwa kilianza kumuuma, kikamwandama wiki nzima. Shingo ikakakamaa, na hata mwanga wa karabai zake ukawa unamchoma macho. Hospitalini walipima maji ya uti wa mgongo wakakuta kuvu iitwayo kriptokokasi. Huishi katika udongo na kinyesi cha njiwa. Wengi wetu huivuta puani isitudhuru, lakini kwa mtu ambaye kinga imeshuka, kama yeye wakati ule, hupanda hadi kwenye ubongo.

Aliniuliza, "Mpwa wangu, ninaumwa nini hasa?" Nikataka kumpunguzia hofu. "Ni fangasi tu, mjomba."

Tu! Sisi washairi tumezoea kulitumia kujazia mizani. Masikioni mwake, fangasi ilikuwa ile ya vidole vya miguu, jamaa ya choa na mapunye. Akameza flukonazoli, mwezi wa pili kichwa kilipotulia, akaviweka vidonge kando na kurudi kwenye karabai. Haukupita mwezi, tukambeba tena.

Safari hii nilisoma kwanza kabla ya kufungua kinywa. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na katika utando wa binadamu mna kolesteroli, ambayo Watanzania wengi huiita lehemu. Neno hilo lilikuwa likinikera: iweje mafuta ya mwilini yapewe jina la risasi ya kuungia bati? Nilipoielewa kazi yake, nikaacha kulalamika. Lehemu huufanya utando ushikamane, usilegee wala kuvuja. Kuvu nayo ina lehemu yake, ergosteroli. Mfamasia wa Ufaransa, Charles Tanret, aliitenga mwaka 1889 kutoka kuvu ya nafaka ambayo Wafaransa huiita kwa jina la kipi cha jogoo, kwa umbo lake.

Flukonazoli haiutoboi utando. Hukizuia kimeng'enya kimoja, kile kinachonyofoa kipande kidogo kwenye malighafi ili ergosteroli ikamilike. Kikizuiwa, kuvu hujijenga kwa malighafi ambayo haijaiva. Utando unaharibika na ukuaji unakwama. Sisi nasi tuna kimeng'enya cha namna hiyo, ila dawa hukishika chetu kwa ulegevu sana. Amfoterisini ina ukali mwingine: huifuata ergosteroli mle mle ndani ya utando na kuing'oa. Na kwa kuwa ergosteroli na lehemu yetu ni ndugu, figo za mgonjwa huweza kuumia. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika viputo vya mafuta, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Hata hivyo flukonazoli huendelea kwa miezi mingi baadaye, kwa sababu kuizuia kuvu isikue si sawa na kuiua; kinachosubiriwa ni kinga ya mwili irudi.

Hayo, kasoro majina na pendekezo hilo la 2022, nilimweleza mjomba pembeni ya kitanda. Alinyamaza kitambo.

"Kwa hiyo karabai yenyewe haijavunjwa. Fundi ndiye aliyenyimwa risasi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na nikiacha vidonge?"

"Anaipata."

"Sasa mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Lugha ndiyo kazi yangu, na picha iliyohitajika ilikuwa juu ya meza yake ya ufundi siku zote.

Alimeza vidonge mwaka mzima na zaidi. Nuru ya jicho la kushoto haikurudi, na lile la kulia lilibaki na ukungu. Aliporejea kazini, akawa anaweka sikio karibu na beseni, akiyasikiliza mapovu.