Mchumba Alimtumia Tairi "Zisizopata Pancha" Kutoka Dar, Zikagoma Kuingia: Kisa cha Mdada wa Njisi

Kuna mapenzi ya kutumiana vocha, kuna ya kutumiana maua ya plastiki kila Februari 14, halafu kuna haya ya Njisi, Kyela, ambako jamaa mmoja alimtumia mchumba wake tairi mbili za baiskeli. Usicheke kwanza. Kwa mdada mwenyewe tairi zile zilikuwa habari njema kuliko simu mpya, maana kazi yake ilikuwa imening'inia kwenye pancha.

Mdada huyu, jina kapuni, ana miaka 26 na anakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa pale Kasumulu, mpakani na Malawi. Anaishi kijijini, kama kilomita saba hivi kutoka kazini, na kila asubuhi anapiga pedali juu ya Phoenix ya babu yake, ile ya dume, yenye keria ya chuma na breki za fito. Kyela ni tambarare, baiskeli ndiyo miguu ya watu. Mchele unapanda baiskeli, ndizi zinapanda, mgonjwa anapanda. Na ng'ambo ya Mto Songwe Wamalawi wana jina lao kabisa la baiskeli za abiria: kabaza. (Hata neno bodaboda lenyewe, kabla ya kuhamia kwenye pikipiki, lilizaliwa kwenye baiskeli za mpaka mwingine kabisa, Busia, kati ya Kenya na Uganda.)

Shida ni kwamba mpaka unaamka mapema. Madereva wa malori wanataka kutoa hela, kina mama wanaovuka na mizigo wanataka kuweka, na ufunguo wa kibanda anao yeye. Bosi wake alishamwambia: ukichelewa mara ya tatu, ufunguo unautua hapa. Mara mbili zilikuwa zimeshatumika, zote kwa pancha.

Akamsimulia mchumba, ambaye yuko Dar. Mchumba akafanya walichofanya wanaume wengi wa kizazi hiki: akaingia YouTube. Humo akakutana na wazungu wanaendesha juu ya chupa zilizovunjika huku wanacheka. Ndani ya wiki alikuwa ameshapata duka linalouza vipuri vya baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, na humo kulikuwa na jozi ya Schwalbe Marathon Plus, kitu cha Kijerumani. Si utani, ni tairi nzuri kweli. Chini ya ngozi yake ya nje kuna tabaka la mpira laini wa milimita 5, mwiba unazama humo unaishia humo humo, tyubu haiguswi. Kuna tairi nyingine zinafanya kazi hiyo kwa ukanda mwembamba wa nyuzi ngumu aina ya Kevlar, zile zinazoshonea fulana za kuzuia risasi, uvumbuzi wa mwanamke mmoja mkemia Mmarekani, Stephanie Kwolek, mwaka 1965. Hasara ni uzito na bei. Hii ya Mjerumani inacheza kwenye kilo moja kila tairi, na kwa bei ya moja unanunua za kawaida za kutosha kuvalisha baiskeli ya familia nzima.

Jamaa hakujiuliza mara mbili. Akachomoa hela kwenye fungu ambalo wawili hao walikuwa wanalijaza taratibu kwa ajili ya mahari, akanunua, akafunga kwenye kiroba, akapakia basi la Kyela.

Mzigo ukafika Jumamosi. Mdada akaposti statasi: picha ya tairi na vimoyo vitatu. Jumapili mchana akaenda kwa fundi, mzee mmoja ambaye kijiwe chake kiko chini ya mwembe. Fundi akatoa tairi ya nyuma, ile ya zamani ikachanika ukingoni wakati wa kuitoa, akaichukua mpya. Upande mmoja ukagoma. Akasukuma kwa viganja, ikagoma. Akaleta vyuma vya kufungulia tairi, vijana wawili wakashika, ikagoma. Kwenye kuhangaika huko chuma kikabana tyubu na kuichana.

"Mwanangu," fundi akasema akijifuta jasho, "hii nguo si ya mwili huu."

Mdada akabisha. Imeandikwa 28, na baiskeli ni 28, kila mtu anajua Phoenix ni 28. Fundi akamwinamisha, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni mwa tairi, yale ambayo hakuna mtu huwa anayasoma. Ya Mjerumani ilisema 28 x 1.75, halafu pembeni 47-622. Ile kuukuu ya Phoenix: 28 x 1½, halafu 40-635.

Hapo ndipo wengi wanapigwa, kwa hiyo ituliwe kidogo. Hiyo 28 ni jina tu la zamani, inakadiria ukubwa wa gurudumu zima likiwa limeshajazwa upepo. Namba ya ukweli ni ile ya tarakimu tatu: kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi inapokalia kwenye ringi. 622 na 635 zimeachana milimita 13, na waya wa ukingo wa tairi haunyumbuki hata ukiuombea. Cha kuchekesha zaidi, baiskeli zile za kisasa zinazoitwa 29 nazo ni 622, yaani "29" na "28" ya Mjerumani ni ndugu wa damu, wakati "28" ya Mjerumani na "28" ya Phoenix hawajuani kabisa. Hata 26 zina ukoo tofauti tofauti: zipo za 559, zipo za 590. Anayenunua tairi bila kusoma namba hiyo ananunua viatu kwa kuangalia rangi.

Basi ni Jumapili saa kumi jioni, baiskeli haina tairi ya nyuma, tyubu imechanika, na kesho saa moja na nusu kibanda kinatakiwa kiwe wazi. Mdada akampigia mchumba. Angesema "asante mpenzi, ila hazijaingia" labda yangekuwa mengine. Alisema "umenunua bila kuniuliza." Jamaa naye, hela imemtoka, presha iko juu, akajibu kwamba yeye amezoea vya bei rahisi na fundi wake wa mwembeni hajui tairi za maana. Simu ikakatwa. Nani aliikata, kila upande una jibu lake.

Fundi hakuingilia. Alikuwa ameokota ile tyubu iliyochanika na anahesabu viraka. Vilikuwa tisa. Akamwita mdada, akamwonyesha kimoja kimoja. Vitano vilikuwa upande wa ndani, unaolalia ringi: hapo mtoboaji si barabara, ni ncha za spoki zilizochomoza ndani ya ringi, maana utepe wa kuzifunika ulishaoza. Viwili vilikuwa vikubwa, kila kimoja kimefunika matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Hiyo ni tairi yenye upepo mdogo imegonga jiwe au shimo huku keria imebeba mzigo, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na ringi. Vilivyobaki viwili tu ndivyo vilikuwa upande wa barabara. Na hapo mpakani mhalifu anajulikana: tairi za malori zikipasuka zinaacha vipande vyenye vinyuzi vya chuma vyembamba kama sindano, vinasubiri baiskeli pembeni ya lami. Mvua ikinyesha ni balaa zaidi, maana mpira uliolowa hukatika kirahisi.

Yaani katika pancha tisa, tairi ya Mjerumani ingemwokoa kwenye mbili.

Kaka yake mdada, aliyekuwa anapita, akashauri tairi za mpira mtupu zisizojazwa upepo. Fundi alimwangalia tu. Zile hazipati pancha, ni kweli, ila kila shimo linaenda moja kwa moja kwenye spoki na kiuno.

Walifanya kazi mpaka giza likaingia, mdada anamulika kwa tochi ya simu. Fundi alikata ncha za spoki na kuzisugua kwa tupa, akazungushia ringi ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya zamani. Tairi ya nyuma, ambayo ndiyo inabeba uzito mwingi, ikawa mpya ya dukani pale pale, 28 x 1½, ngozi nene. Ndani yake akalaza tairi kuukuu iliyokatwa zile waya za ukingo na kunyolewa kingo kwa kisu zisije zikaila tyubu, akanyunyiza poda. Ni ulinzi wa tabaka mbili, ule ule wa Mjerumani, ila wa mwembeni. Mwisho akapiga pampu mpaka dole gumba likashindwa kubonyeza. Jumla haikufika elfu 30.

"Ndaga, baba," mdada akasema.

Jumatatu saa moja na dakika ishirini kibanda kilikuwa wazi. Bosi alipita saa mbili, hakusema kitu, ambayo kwake ni pongezi. Msimu mzima wa mvua mdada alipata pancha mbili tu, moja ya waya wa lori uliopenya tabaka zote mbili. Aliziba mwenyewe kando ya barabara, msasa na solusheni anavyo kwenye pochi siku hizi.

Kwa mchumba, alituma picha moja tu bila maneno: ubavu wa tairi kuukuu, 40-635. Jamaa alikaa kimya siku nne. Siku ya tano akajibu, "635 ndiyo nini?" Mdada akapiga simu, wakaongea mpaka salio likaisha. Duka la Dar limekataa kurudisha hela. Tairi zenyewe zinaning'inia ukutani kwenye kibanda, wateja wanauliza bei, anasema si za kuuza.

Jamaa ameahidi kuja Pasaka. Fundi amesikia, na kila mdada akipita kujaza upepo anamuuliza, "Shemeji anakuja na ng'ombe, au anakuja na ringi?"