Meno Yangu Mafupi

Nina miaka 19, lakini meno yangu ya mbele ni mafupi kama ya mtoto. Nikivuka mpaka hapa Rusizi kwenda Bukavu, wauza samaki hunitania kuwa yanafaa kutafunia sambaza tu. Nami hucheka, mkono kinywani.

Mnamo 1928 daktari Charles Pincus wa California aliwabandikia wacheza sinema vigamba vyembamba juu ya meno, vikabanduliwa kazi ilipokwisha. Vya siku hizi hugandishwa. Mara nyingi daktari hukwangua kwanza ganda gumu la jino, nalo likishaondoka halioti tena. Na kigamba chenyewe huchakaa, kikadai kingine.

Mama yu tayari kuuza ndama. Nimemsihi angoje daktari atazame ufizi, maana huenda ndio ulioficha jino.